Kazi ya Mwanafunzi Mtafiti: Habari za Uvimbe wa Taya na Virusi Vyake

Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya vijana wa madarasa ya juu pamoja na wazazi wao



Nimeombwa niseme juu ya kazi ambayo wengi wenu hamjapata kuiona, nayo ni kazi ya mwanafunzi aliyekwisha kupata shahada yake ya kwanza, kisha akaendelea na masomo kwa kuyachunguza maradhi. Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akiisha kuhitimu katika Chuo Kikuu amefika mwisho wa kusoma, na kwamba lililobaki ni kutafuta kazi, nyumba na gari. Kumbe wako wengine ambao kwao huo ndio mwanzo. Hao huambiwa: Mpaka sasa umesoma yale yanayojulikana, sasa nenda ukatafute jambo moja lisilojulikana na mtu ye yote, ulithibitishe, uliandike, nasi tutakuuliza maswali. Jambo lenyewe laweza kuwa dogo kama punje ya mtama, ila sharti liwe jipya na liwe kweli.

Elimu nitakayoitaja leo huitwa patholojia ya majaribio. Daktari wa wodini humtazama mgonjwa kitandani na kujiuliza, "Nimpe dawa gani?" Mtaalamu wa patholojia hukitazama kipande cha nyama kilichokatwa katika mwili wa mgonjwa huyo, naye hujiuliza, "Huu ni ugonjwa gani?" Lakini yule wa majaribio ana swali la tatu: "Ugonjwa huu umeletwa na nini, nami nitalithibitishaje jambo hilo?" Hutwaa chembe hai za mwili akazikuza ndani ya chupa, au humtia kuku au panya kitu anachokishuku, kisha akangoja. Nilijaribu kuipa elimu hii jina la Kiswahili, nikaiita "elimu ya kuyajaribu maradhi", lakini nilipoisoma kwa sauti nikacheka, kwa maana ilisikika kana kwamba maradhi yenyewe yanafanyishwa mtihani. Basi tuliache jina la kigeni likae.

Sitaki kusema kwa ujumla tu. Nitawaeleza habari moja iliyotokea kweli, ambayo mwanzo wake ni kwa jirani zetu wa Uganda, na mwisho wake haujafika hata sasa.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake, Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji, aje amtazame mtoto mmoja wa miaka mitano. Taya za mtoto yule zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakupata kuona jambo kama hilo. Jipu hukaa upande mmoja. Na saratani nayo, kama alivyofundishwa, huanzia mahali pamoja. Majuma machache yakapita. Siku moja alikuwa katika hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine nje, naye uso wake umevimba vilevile. Akatoka mbio kumtazama. Alikuwa msichana, na alipompapasa tumbo akakuta uvimbe huko pia.

Mtu mwingine angalisema, "Maskini watoto hawa," akaendelea na shughuli zake, maana mpasuaji wa Mulago hakukosa kazi. Burkitt alifungua madaftari ya hospitali, akayasoma ya miaka iliyopita, akakuta ya kuwa watoto wenye uvimbe wa taya na watoto wenye uvimbe wa tumbo walikuwa wameandikwa mbalimbali, kana kwamba ni wagonjwa wa maradhi mawili, wala hakuna aliyewaweka pamoja. Mwaka 1958 aliandika juu ya watoto 38 katika gazeti la wapasuaji la Uingereza. Gazeti likasomwa, likawekwa kabatini, na watu wachache sana wakashughulika.

Kisha akaandika barua kwa hospitali nyingi za Afrika, pamoja na picha za uvimbe, akiuliza swali moja tu: Je, mmeuona kwenu? Kila aliyejibu ndiyo, Burkitt alichoma pini katika ramani. Pini zikafanya kama mshipi uliolifunga bara la Afrika katikati, na mkia mmoja ukashuka kufuata pwani ya mashariki kwenda kusini. Hapa kwetu Kenya watoto wa kando ya Ziwa Victoria na watoto wa Pwani walikuwa wakiugua, lakini wale wa nyanda za juu zenye baridi hawakuugua ila kwa nadra.

Akiwa na ramani hiyo ya kwanza alikwenda London, na tarehe 22 Machi 1961 akatoa hotuba katika chuo cha uganga cha Hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa waliokaa kumsikiliza alikuwamo Bwana Anthony Epstein, mtaalamu wa patholojia, aliyekuwa akichunguza saratani ya kuku. Hiyo saratani ya kuku si jambo la kuchekwa. Mwaka 1911 Peyton Rous, huko New York, alikuwa ameonyesha ya kuwa saratani ile huletwa na kitu kidogo kinachopenya hata katika kichujio kinachowazuia bakteria, nacho ni kirusi. Wataalamu wengi walilikubali jambo hilo kwa kuku, wakalikataa kwa binadamu. Na Rous mwenyewe alingoja mpaka mwaka 1966 ndipo akapewa Tuzo ya Nobel. Basi Epstein alipoiona ramani ya Burkitt, alifikiri hivi: Ugonjwa unaofuata joto na mvua lazima una kiumbe hai nyuma yake. Huenda hapa ndipo kirusi cha saratani ya binadamu kitakapopatikana. Hotuba ilipokwisha akamwalika Burkitt chumbani mwake, wakapatana ya kuwa vipande vya uvimbe vitumwe London kutoka Kampala.

Mwaka huohuo, kuanzia Oktoba mpaka Desemba, Burkitt na waganga wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri maili 10,000 kwa gari kuukuu, wakashuka hadi Afrika ya Kusini na kurudi, wakizuru hospitali zaidi ya 50. Safari ile ilithibitisha habari ya joto na mvua. Burkitt alidhani pengine mbu ndiye anayekichukua kirusi. Katika hilo alikosa, na hata hivyo alikuwa karibu na kweli kuliko alivyojua, kama mtakavyosikia.

Vipande vya uvimbe vikawa vinakwenda London kwa ndege za usiku. Epstein akavitazama kwa hadubini ya elektroni, yaani ile mashine kubwa inayotumia miali ya elektroni badala ya mwanga. Asione kitu. Akajaribu kukiotesha kirusi kwa njia zilizozoeleka. Asipate kitu. Miaka miwili ikapita namna hiyo. Nawaomba vijana mfikiri juu ya miaka miwili ya kwenda kazini kila asubuhi na kurudi jioni bila kitu mkononi, huku wenzako wakikuuliza kwa adabu kama bado unaendelea na jambo lile.

Mwaka 1963 alipata dola 45,000 kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, naye akaweza kuwachukua wasaidizi wawili. Mmoja alikuwa Daktari Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, fundi wa ile hadubini ya elektroni. Wa pili ndiye mwanafunzi wetu, Bi. Yvonne Barr. Alizaliwa mwaka 1932 katika mji wa Carlow, Ireland; alipata shahada ya elimu ya wanyama katika Trinity College, Dublin, mwaka 1953; na sasa akaingia katika kazi ambayo kwayo angeandika kitabu chake cha kuombea shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London. Huu si udaktari wa kutibu, ni ule wa elimu.

Kazi yake ilikuwa kuzikuza chembe. Kwa wasiojua, kazi hiyo yafanana sana na kulea mtoto mchanga asiyeweza kulia. Chembe zilizotolewa mwilini hutiwa katika chupa safi kabisa, zikapewa maji yenye chakula na majimaji ya damu ya ndama, zikawekwa katika joto lile lile la mwili wa mtu. Baada ya siku chache maji huwa machafu, hubadilishwa. Bakteria mmoja akiingia, huzaana usiku kucha na kula kila kitu, na asubuhi kazi ya miezi imekwisha. Hapana sikukuu, kwa sababu chembe hazijui sikukuu. Kila kitu huandikwa daftarini: saa, kipimo, rangi ya maji, hata lile ambalo halikufaulu, na hasa hilo.

Tarehe 5 Desemba 1963 kulikuwa na ukungu mzito London, na ndege iliyochukua kipande cha uvimbe cha mtoto mmoja wa Uganda ikaelekezwa Manchester. Kipande kikafika kwa kuchelewa, siku ikiwa imekwisha kuchwa au karibu, na maji yaliyokihifadhi yalikuwa yamegeuka kuwa meupe kama maji ya mchele. Maji meupe, kwa kawaida, ni dalili ya bakteria. Na mtu aliyechoka humwaga akaenda nyumbani. Lakini walichukua tone moja wakaliweka chini ya hadubini ya kawaida. Haikuwa bakteria. Zilikuwa chembe za uvimbe wenyewe, zilizotikisika njiani zikabanduka, nazo zikielea, hai, kila moja peke yake.

Hapo ndipo njia ilipofunguka. Mpaka siku ile walikuwa wakijaribu kuzikuza chembe zikiwa zimekaa juu ya kioo. Sasa walizikuza zikielea ndani ya maji, na katika mikono ya Bi. Barr zikakubali. Zikaongezeka, zikagawanywa chupa mbili, kisha nne. Mwezi wa Februari 1964 Epstein na Barr waliandika habari za ukuzaji huo, na ukoo ule wa chembe ukaitwa EB, kwa herufi za majina yao. Twaweza kuona kwa nini vipande vibichi havikuonyesha kitu: kirusi, kikiwa katika uvimbe ndani ya mwili, hujificha kimya, chembe zikikuzwa nje, chache miongoni mwake huanza kukizalisha, na hapo huonekana.

Tarehe 24 Februari 1964 chembe hizo ziliwekwa katika hadubini ya elektroni. Mahali pa kwanza alipotazama, Epstein aliona chembe moja imejaa virusi vya jamii ya hepesi, jamii ile ya virusi viletavyo malengelenge ya mdomo. Ni vidogo hata virusi 5,000 vikipangwa mstari mmoja havijazi milimita moja. Akaogopa miali isije ikakiunguza alichokiona, akaizima mashine, akatoka nje bila koti, akazunguka mtaani katika theluji mpaka moyo ukatulia, ndipo akarudi kutazama tena. Napenda sana sehemu hii ya habari. Aliyengoja miaka mitatu aliona vema kungoja dakika chache zaidi.

Habari ikachapishwa katika gazeti la uganga liitwalo The Lancet, tarehe 28 Machi 1964, yenye majina matatu: Epstein, Achong na Barr. Jina la mtoto halimo. Ndiyo desturi ya madaktari, nayo ni desturi njema, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni amana. Lakini mimi naona kwamba mtoto yule alikuwa mwenzi wa nne katika kazi ile, na wauguzi wa Mulago waliokiharakisha kile kipande uwanjani nao wana fungu lao.

Msidhani kwamba kukiona kirusi ndiko kuthibitisha kosa lake. Mtu akionekana karibu na nyumba iliyovunjwa si lazima awe ndiye mwizi. Wataalamu wa virusi aliowaendea Epstein katika Uingereza hawakuvutwa na jambo lake, naye akazituma chembe kwa Werner Henle na mkewe Gertrude, huko Philadelphia, Marekani. Wao wakaonyesha ya kuwa kirusi hiki ni kipya, na kwamba karibu watu wazima wote, hata Marekani kusiko na uvimbe ule, walikuwa na dalili katika damu ya kwamba kimepata kuwaingia. Mwaka 1967 msaidizi mmoja katika maabara yao, ambaye damu yake haikuwa na dalili hiyo, aliugua homa ya matezi; alipopona, dalili ikaonekana. Hivyo ikajulikana kiletacho homa ile.

Sasa swali likawa gumu zaidi. Kama kirusi kimo katika watu wote, kwa nini watoto wachache tu wapate uvimbe, tena katika mshipi ule wa ramani? Katika jambo hili nchi yetu ina sehemu yake. Gilbert Dalldorf, Mmarekani, pamoja na Allen Linsell wa Nairobi na wenzao, walichunguza wagonjwa wa Kenya, na mwaka 1964 wakaandika ya kuwa uvimbe hufuata mahali penye malaria kali ya daima. Leo twajua ya kuwa malaria huzichochea chembe nyeupe za damu zizaane mno, na huwadhoofisha walinzi wa mwili wanaokizuia kirusi. Kirusi chenyewe hupita katika mate, si kwa mbu. Lakini mbu ndiye anayemleta mshiriki wake. Mnaona jinsi Burkitt alivyokuwa ameukaribia mlango!

Ilibaki kuonyesha kipi hutangulia, kirusi au uvimbe. Kati ya mwaka 1972 na 1974, huko West Nile, Uganda, Guy de-Thé na wenzake walichukua damu ya watoto 42,000 wazima, wakaihifadhi, wakangoja waone ni nani atakayeugua. Mwaka 1978 walitangaza ya kuwa wale waliougua baadaye walikuwa na alama za kirusi nyingi kupita wenzao tangu walipokuwa wazima. Nyani wadogo wa Amerika ya Kusini, walipotiwa kirusi hicho mwaka 1973, nao walipata uvimbe. Mwaka 1982 ikajulikana ya kuwa ndani ya chembe za uvimbe kipande cha urithi kimehama mahali pake, kikaamrisha chembe kuzaana bila kikomo. Na mwaka 1997 shirika la kimataifa la kuchunguza saratani likakiandika kirusi hiki katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu.

Wazazi mliopo, sehemu hii ni yenu. Uvimbe huu ni katika saratani zinazokua upesi kuliko zote. Kwa siku chache tu tofauti huonekana. Mtoto huanza kulegea meno ambayo umri wake hauyalegezi, taya huvimba, pengine jicho husukumwa nje, au tumbo hujaa. Wengine humng'oa mtoto jino, wakamwosha kinywa kwa chumvi, wakangoja mwezi. Mwezi huo ndio unaomwua. Saratani hii hiyo ikianza kutibiwa mapema huitikia dawa kuliko saratani nyingi. Burkitt mwenyewe aliona watoto waliopewa dawa kidogo tu uvimbe ukayeyuka, na wengine wakapona kabisa. Kwa ajili ya matibabu hayo ilianzishwa Mulago, mwaka 1967, ile nyumba ambayo sasa ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mpelekeni mtoto hospitali kubwa, na mkiambiwa kipande kidogo kitakatwa kwa uchunguzi, msikimbie naye. Bila kipande hicho daktari anabahatisha.

Nirudi kwa mwanafunzi. Bi. Barr alipewa udaktari wake mwaka 1966. Alikuwa amekwisha kuolewa, akahamia Australia na mumewe, na huko hakupata nafasi ya kudumu ya uchunguzi. Akawa mwalimu wa shule, akafundisha hesabu na sayansi. Wako wanaosema ya kuwa hiyo ilikuwa hasara. Kwa upande wa maabara nakubali, na naona vibaya ya kuwa mlango ulikuwa mwembamba hivyo kwa mwanamke mwenye kazi kama ile nyuma yake. Kwa upande wa watoto aliowafundisha sikubali. Alifariki Melbourne mwezi wa Februari 2016. Epstein alifariki tarehe 6 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 102. Burkitt alikuwa ametangulia mwaka 1993, na Achong mwaka 1996.

Kirusi hicho huitwa Epstein-Barr ulimwenguni kote. Mwaka 2022 wachunguzi wa Marekani, waliofuata habari za askari zaidi ya milioni 10, walionyesha ya kuwa kinahusika pia na ugonjwa mmoja mkali wa neva, ule unaoharibu maganda ya nyuzi za ubongo na uti wa mgongo. Chanjo zimejaribiwa, lakini bado hapana iliyoruhusiwa kwa watu wote. Kwa hiyo kijana anayetafuta jambo lisilojulikana hana haja ya kwenda mbali: kwa nini mtoto mmoja wa kando ya Ziwa apate uvimbe na ndugu yake, aliyelala naye kitanda kimoja na kuumwa na mbu wale wale, asipate?

Picha ya kirusi hicho, iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni, iko hapa mezani. Wanaopenda kuiona waje mbele kwa mstari mmoja, na wenye maswali wainue mikono.